Bibi wa Kuni Amenishusha Cheo

Leo nimeshushwa cheo na bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongoza watalii peke yangu. Wazungu wanne, kwa miguu, vijiji vya milimani na msitu wa huku Kiomboi.

Mambo yalienda vizuri mpaka tulipofika kwenye pango. Hapo mdomo ukanizidi. Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba mtemi wa zamani alijificha humo akipigana na Wajerumani.

Mgeni mmoja akavua kofia kabisa!

Ndipo akatokea bibi na kuni zake. "Unawaambia nini hawa?"

Nikamweleza.

"Mtemi gani? Humo baba yangu alikuwa anafungia mbuzi."

Wageni wakataka tafsiri. Nikawaambia bibi anathibitisha, mtemi alikuwa shujaa.

Mzee wa Kizungu aliyekuwa kimya tangu asubuhi akafungua kinywa. Kiswahili kimenyooka!

"Kijana, mama amesema mbuzi. Halafu hujamwamkia."

Jamani. Kumbe alifundisha shule huku miaka mingi!

Nikatoa shikamoo huku jasho linanitoka. Bibi akanitwisha kuni, akaongoza msafara mwenyewe: dawa ya tumbo hii, mizinga ya nyuki ile, mpaka kwake tukala ugali wa uwele na mlenda. Kuagana, wageni wakamkumbatia bibi. Mimi nikapewa mkono.

Wamemsimulia bosi kila kitu. Kanipigia sasa hivi: Jumamosi bibi anaongoza, mimi natafsiri.

"Na utafsiri anachosema," akaongeza.

Haya, chekeni.