Gemu lilinifungia akaunti kwa "usalama wa watoto", kumbe upande wa pili wa chat alikuwa dada yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa zamani na mliojiunga jana.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na gemu sitalitaja, kwa sababu kuna mtu anaweza kuumia. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Natokea Ihembe, Karagwe. Kwetu ni kibanja kama vibanja vingine: migomba, mibuni chini ya migomba, nyumba katikati. Naishi na mama.

Dada yangu mkubwa, nimwite Kemi, yuko nje ya nchi. Anafanya kazi za ndani.

Alipofika tu, simu yake ikachukuliwa na wenye nyumba. Niseme ukweli, hawakumpiga wala hawakumnyima chakula. Walisema simu inamtoa kwenye kazi, atarudishiwa mkataba ukiisha.

Basi. Kimya. Kimya kile kikaingia ndani ya nyumba yetu kikakaa kama mgeni asiyeaga. Mama akawa anaketi na kisu na ndizi mkononi, anasahau kumenya.

Sasa, mimi tangu zamani nacheza gemu moja la kujenga. Unapanga tofali juu ya tofali mpaka kijiji kinasimama. Kemi alikuwa ananisimanga nalo: "Mwanaume mzima unapanda migomba ya kwenye simu, ya nyumbani inamezwa na magugu!"

Siku moja nikapata ombi la urafiki humo. Picha ya paka mdogo, jina nisilolijua. Nikakubali.

Ujumbe wa kwanza ukasema: "Migomba yako bado ina magugu?"

Wakuu, nilikaa chini kwenye udongo.

Binti wa ile nyumba, mtoto wa miaka kama minane, anacheza gemu hilohilo. Akienda shule, tablet inabaki jikoni kwenye chaji. Kemi alikuwa anaandika kwa kidole kimoja huku wali unachemka.

Tukajenga nyumbani. Msonge kama ule wa babu, zizi, mibuni, njia ya kwenda kisimani. Akija asiponikuta, aliacha taa inawaka mlangoni mwa msonge. Nikifungua na kuiona, namwita mama.

"Hiyo taa ndiyo yeye?"

"Ndiyo yeye, mama."

"Basi usiizime, waitu," akanisihi.

Mkataba ulipokaribia kuisha, Kemi akaandika kwamba wakala aliyempeleka huko amesema mambo mawili. Ama anarudi nyumbani, ama anahamishiwa nyumba nyingine, mji mwingine kabisa, na hakutajiwa mji gani.

"Nikijua tu nakuandikia hapahapa. Usiache kuangalia."

Kwa hiyo muelewe vizuri. Ile chat ndiyo ilikuwa kamba pekee. Ikikatika kabla hajaniambia anakopelekwa, tunampoteza.

Na mimi ndiye niliyeikata. Kwa kahawa.

Watu wa Kagera mnajua akamwani. Kwa wengine: ni buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zinakaushwa, unatafuna. Mgeni akiingia anapewa hiyo kabla hata ya maji. Anayekwenda mbali anafungiwa kwenye jani kavu la mgomba, ili kwao kumfuate.

Kuna mwanamke wa Kituntu, nimwite Mama Jovin, anafanya kazi mji huohuo wa Kemi. Alikuwa amekuja likizo na alikuwa anarudi. Mama akafunga akamwani, akaifunga tena, akainusa, akampa.

Nami nikamwandikia Kemi hivi, nakumbuka kila neno:

"Kuna mtu anakuletea kitu kutoka kwangu. Atakusubiri pale duka la mikate. Utatafuna kidogo kidogo. Usimwonyeshe mama, atakunyang'anya."

"Mama" ni mama mwenye nyumba. Ndivyo Kemi anavyomwita.

Sasa rudieni kuusoma ujumbe ule. Jifanyeni hamnijui. Jifanyeni anayeandikiwa ni mtoto wa miaka minane.

Mimi sikuusoma hivyo. Kwenye skrini yangu palikuwa na paka, lakini nyuma ya paka nilikuwa namwona dada yangu anakoroga mchuzi.

Kesho yake nafungua gemu, nakuta maandishi tu. Kwa Kiswahili chetu yalisema: akaunti yako imefungwa daima kwa kukiuka kanuni za usalama wa watoto, na taarifa zako zinaweza kukabidhiwa kwa vyombo vya sheria.

Basi. Hawakusema neno gani, lini, wala nani aliyelalamika. Akamwani ninayowaambia ni kubahatisha kwangu. Mpaka leo hakuna aliyenithibitishia.

Wakuu, kuna hofu ya kujua umekosa nini, na kuna hofu ya kutojua. Ile ya kwanza ina ukuta, unaweza kuuegemea. Ya pili haina ukuta.

Nilianza kusikia pikipiki kuliko zamani. Moja ikazima injini pale njiani kwetu, nikajikuta katikati ya migomba nimeinama. Alikuwa mnunuzi wa ndizi.

Mama alikuwa ananitazama tu.

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu."

"Kemi kaacha taa?"

"Kaacha."

Uongo. Sikuwa na macho tena ya kuiona hiyo taa.

Nikaenda Kayanga kwa rafiki yangu Deo, ana kibanda cha kutengeneza simu. Akasoma ule ujumbe wa kufungiwa, akanitazama, akausoma tena.

"Bwana wee, wewe na watoto wapi tena?"

"Deo, usitanie."

"Sitanii. Mwenzangu, mtu akiona hii hatakuuliza swali, atakuonyesha mlango." Nikamweleza yote. Akavuta kiti. "Basi andika rufaa. Kuna sehemu hapa. Sema ukweli."

"Ukweli utasomwa na nani?"

Akaiweka simu mezani.

Hapo ndipo fundo lilipokuwa. Nikiandika kwamba aliyekuwa akitumia akaunti ni mfanyakazi wa ndani, je, watamjulisha mzazi wa yule mtoto? Tukafungua kanuni zao, mimi na Deo, ukurasa baada ya ukurasa. Zinasema "hatua stahiki". Zinasema "wahusika". Mhusika ni nani? Hatua ipi? Hakuna.

Nikijitetea, huenda namchoma dada yangu. Nikinyamaza, nabaki na jina ambalo hata kulitamka hapa siwezi.

Nikaandika kwa kuzunguka: nilikuwa naongea na ndugu yangu mtu mzima, naomba mnionyeshe maneno niliyokosea.

Jibu likaja papo hapo. Wamepitia rufaa yangu kwa makini na uamuzi unabaki kama ulivyo. Chini hakuna jina la mtu.

Deo akainua kikombe chake. "Makini gani haya? Hata chai yangu haijapoa."

Tulicheka, lakini cheko lile lilikuwa na baridi.

Zikafuata siku ambazo sitaki kuzirudia. Mkataba wa Kemi ulikuwa umeshafika mwisho. Akilini nilimwona akiongozwa kwenye gari na begi lake, kwenda mji usio na jina, baada ya kumwandikia kaka asiyejibu. Nilikuwa naacha kula mama asinione, halafu naona naye sahani yake haijaguswa.

Hatimaye ikaja sauti kwenye WhatsApp. Mama Jovin. Nainukuu kama alivyosema:

"Mwanangu, nimemwona Kemi. Nilikaa pale duka la mikate mpaka wakaanza kunishangaa. Akamwani kaipokea, kaificha kwenye soksi, kanusa mkono akalia. Kasema hivi: wenye nyumba wameletewa taarifa kwamba kuna mtu mzima hatari alikuwa anamwinda mtoto wao kwenye gemu. Tablet imefungiwa kabatini. Yule mama siku hizi analala chumba cha mtoto, vitasa vyote wamebadilisha. Maneno yenyewe hawakuonyeshwa. Na Kemi hawamhamishi tena, wala hawamwachii kurudi. Mtoto anaogopa, halali bila yeye. Wanasema akae kwanza mpaka hatari ipite."

Nilirudia kuisikiliza mpaka chaji ikaisha.

Mpaka hatari ipite. Hatari ni mimi, wakuu.

Kuna mama huko hapati usingizi kwa sababu yangu, na simlaumu hata kidogo. Ningekuwa yeye ningebadilisha vitasa mara mbili. Dada yangu anafungiwa ndani amlinde mtoto dhidi ya kaka yake mwenyewe, na hawezi kufungua mdomo.

Na kuna hili linaloniumiza zaidi. Mimi nilikuwa nalia nionyeshwe maneno. Lakini wale wazazi wangeonyeshwa maneno, wangejua nani alikuwa jikoni na tablet. Giza lilelile lililonihukumu ndilo linalomficha Kemi.

Nilichojifunza? Watoto walindwe. Hilo sina ubishi nalo. Lakini anayekufungia mlango akwambie kwa nini, na akwambie ukigonga ni nani atakayesikia. Wangeniambia tu kwamba rufaa haifiki kwa mzazi, ningesema yote siku ileile.

Na ninyi mnaoongea na ndugu kupitia akaunti ya mtoto wa watu, acheni. Wewe unamwona ndugu yako. Wao wanamwona mtoto.

Sasa naomba ushauri, na matusi nitayavumilia. Kuna yeyote humu aliyewahi kuandika rufaa akajibiwa na mtu? Nikisema ukweli wote mara ya pili, utaishia kwa wenye gemu, au utafika mpaka kwenye ile nyumba?

Mama bado ananiuliza kama taa inawaka. Bado namjibu inawaka.