Ngao ya Kifuniko cha Sufuria

Jua bado halijapasha moto mabati ya soko la Nyawera mjini Bukavu, na tayari Papa Évariste anatundika vita kwenye kamba. Anabana kurasa zake kwa vibanio vya nguo: ngome ya mawe, mishale, askari wenye kofia za chuma, na katikati yao watoto wawili.

Kinachomlisha ni kuandika vibao vya maduka, na mwezi mzuri hupata vibao vinne. Tangu majina ya kizungu yapigwe marufuku na serikali, kitambulisho chake kinamwita Bisimwa, lakini sokoni hakuna aliyejisumbua kubadili. Picha anazichora kwa wino kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na hauzi hata moja.

Hadithi ni ya Ulaya ya kale, enzi za mapanga na farasi. Ngome aliziona katika kitabu cha picha cha shule ya mapadri. Farasi hajawahi kumwona kwa macho, kwa hiyo wa kwake wana nundu kama ng'ombe wa kijiji cha Mudaka. Wachuuzi humcheka, naye hucheka nao.

Kati ya wale watoto wawili, kaka, Gotie, amezingirwa ndani ya ngome. Dada yake mdogo, Odila, anamtafuta huku na huku vitani, akijikinga kwa kifuniko cha sufuria. Huu ni mwaka wa tatu hawajaonana, na soko limechoka kusubiri.

Anayelalamika zaidi ni Maman Zabibu, muuza maharagwe. Asubuhi hii amesimama mbele ya ukurasa mpya, beseni kichwani.

"Papa Évariste, bale batoto batakutana lini? Umeshatutesa sana."

Évariste anafuta kalamu yake. Maman Zabibu anapomuuliza tena kwa nini Odila apewe kifuniko wakati wenzake wote wana ngao, Évariste anakaa kwanza kwenye benchi.

Mwaka 1967, anaeleza, mamluki walipouteka mji, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na minne na familia yao iliishi mtaa wa Muhumba. Mama aliwaambia wabebe sufuria, wakimbilie Mudaka. Yeye akabeba sufuria. Dada yake Cibalonza, mtoto wa miaka saba, akabeba kifuniko. Njiani risasi zikalia, na umati ukawatenganisha.

"Mi nilifika na sufuria. Kifuniko aikufika," anasema taratibu. "Sikumuonaka tena. Lakini hata maiti hatukuona. Kwa hiyo mi nasema iko muzima."

Alijaribu kuchora vita ile ya Bukavu, mkono ukagoma. Vita ya Ulaya ilikuwa mbali vya kutosha. Na Nyawera hupita watu wa Mwenga, wa Uvira, wa kila upande. Wengi huona ngao ya kuchekesha. Mmoja tu duniani ataona kifuniko chake mwenyewe.

Maman Zabibu ametua beseni. Alikuwa akiisoma hadithi hii miaka yote bila kujua anasoma nini, na machozi yanamtoka waziwazi. Anaomba ukurasa mmoja, wajomba zake wanaopeleka chumvi Shabunda wakautundike huko. Évariste anambandulia ule mzuri kuliko zote.

Kisha anafunua ukurasa wa mwisho, ambao ameuficha chini ya benchi. Lango la ngome liko wazi. Gotie amesimama na sufuria mkononi, na mbele yake msichana mkubwa ameshika kifuniko. Msichana hana uso.

"Uso yake ya leo siijue," anasema Évariste. "Akikuja, atakaa apa kwa benchi, na mi nitaimaliza."