Mulango ya papa

Hapana, mama, haiko kaye tu, ile daftari yangu. Unasema nitulie, rafiki yangu atanirudishia. Kaye alisharudisha! Iko hapa kwa magoti yangu. Kile alichukua ni kingine.

Mwaka muzima nilikuwa nakusanya kazi zote zenye Waingereza wanazipatia neno moja, run. Mutu anakimbia: run. Maji inatoka kwa robine: run. Makamasi ya mutoto, moteri yenye inazunguka, mama mwenye anaongoza butike yake ya kuuza sukari: yote ni run. Kila maana niliitafutia mufano ya hapa kwetu Mabanga. Ya kwanza nilimupa papa: alikimbia vita kule Kibumba na mulango ya nyumba kwa kichwa, sababu aliitengeneza yeye mwenyewe. Ile mulango ndiyo tunafungaka mpaka leo.

Kwa klabu ya Kiingereza mwalimu alitafuta mutu mumoja wa kufundisha wenye wanaanza. Tuliitaka ile nafasi wawili, mimi na rafiki yangu mwenye tunakaaka naye meza moja kwa masomo. Juzi akaniomba kaye. «Nisome kidogo tu, dada.» Nikamupa.

Leo mwalimu akaanza na yeye. Alisema robine yangu, makamasi yangu, butike yangu. Nikavumilia. Akafika Kibumba. «My father,» akasema, na mukono akaweka kwa kichwa, kama vile mulango iko pale.

Nikasimama. «Muongo! Ule ni papa yangu!»

Kwa Kiswahili. Na sheria ya klabu tunaijua wote: mwenye anatoa Kiswahili anaenda kusimama kwa ukuta, kimya, mpaka mwisho. Wakapiga mikono: «Ukuta! Ukuta!» Nikaenda. Nilikuwa naangalia saruji wakati mwalimu alitangaza kama nafasi ni ya rafiki yangu.

Inje nikamukamata mukono. Akacheka. «We naye! Si namuita papa kila siku? Alishakatala?»

Ni kweli, anamuita papa, na papa anamuitikaka «mutoto wangu», anamusogezea sahani ya ugali.

Unasema niache, mama. Siachi. Mwalimu anakaa njia ya pili. Kesho asubuhi, mbele misa ianze, nitaenda kumuchukua, nimulete mpaka hapa, agonge ile mulango na mukono yake, na papa, mwenye aliibeba, amufungulie. Yote nitamuambia kwa Kiingereza. Nimeshaandika.