Siku Mama Alipofukiza Maabara

Nimeambiwa "haiwezekani" mara nyingi mpaka neno lenyewe likaisha makali. Kwanza niliambiwa Ulaya, na mwalimu wangu aliyenipenda: rudi kwenu ukafundishe, lakini utafiti wa aina hii uache hapa, Mombasa kuna joto, kuna chumvi hewani, umeme unakatikakatika. Kisha nikaambiwa Nairobi, na watu wasionipenda, kwa maneno yale yale. Nilikuwa nimewachoka wote. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, na nilitaka kufanya kazi yangu kwetu. Mkataa kwao mtumwa, na utumwa siutaki.

Kazi yangu ni milango. Kila seli ya mwili ina utando mwembamba, na katika utando huo mna milango midogo ya protini inayopitisha ioni, yaani chembe za chumvi zenye umeme. Mlango ukifunguka, mkondo mdogo sana wa umeme hupita, ukifungwa, hukatika. Moyo hupiga kwa sababu ya milango hiyo, na mkono hurukia nyuma ukigusa sufuria ya moto kwa sababu hiyo hiyo. Nimetumia zaidi ya miaka ishirini kuuliza swali moja: mlango unajuaje kwamba wakati wa kufunguka umefika? Shangazi yangu aliwahi kuniuliza kama sijachoka kupiga hodi. Sijachoka.

Ili kuutazama mlango mmoja, unachukua kijibomba cha kioo chenye ncha isiyoonekana kwa macho, unakigusisha kwenye seli chini ya darubini, kisha unanyonya hewa kidogo kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, mpaka kioo na utando vishikane kabisa. Wengi hawaamini kwamba mashine ya thamani ile hungoja mdomo wa mtu. Ndivyo ilivyo. Kioo kikiwa na uchafu wowote, hakishiki. Meza ikitetemeka, kinaachia.

Kutetemeka ndiko kulikonihamisha. Chumba nilichopewa na chuo kilikuwa karibu na Mwembe Tayari, na kila basi la bara likiunguruma, kioo changu kiliachia. Nilivumilia mwaka mzima. Halafu nikapima chini ya nyumba yetu, katika chumba ambamo marehemu Baba aliuza kofia. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kama urefu wa mkono, sakafu imekaa juu ya mwamba, na kichochoro hakipitishi gari. Palitulia kuliko maabara zote nilizofanyia kazi Ulaya. Chuo kikakubali shingo upande. Wenzangu walicheka, profesa kahamia dukani. Waliocheka hawakuwahi kuja kutazama.

Mwaka wa pili ukaja ujumbe: watu wawili wa kamati iliyotoa mashine watatoka Nairobi kukagua. Nisipoweza kuwaonyesha mlango mmoja ukifunguka mbele ya macho yao, mashine itahamishwa bara, "mahali panapofaa." Hakukuwa na mashine nyingine, na kwa umri wangu nisingeishi kuipata ya pili. Ikiondoka, kazi yangu imekwisha. Hayo nilimweleza Mama tukinywa chai, na hapo ndipo nilipokosea, maana Mama akisikia neno wageni hatulii.

Wakaja saa tatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mrefu, viatu vinang'aa, anayeongea kama mtu aliyekwisha kuamua. Mwenzake alikuwa mwanamke wa rika langu, mkimya, daftari mkononi. Nikakaa kwenye darubini nikaanza. Kioo cha kwanza hakikushika. Nikabadilisha. Cha pili, cha tatu, cha nne. Kufika cha tano mpira umelowa mate. Mwenyekiti akatazama saa yake, tena bila kuficha.

Nikaona nitazame maji ya kwenye kisahani cha seli kwa upande, dhidi ya mwanga wa dirisha. Juu yake palitanda utando wa mafuta na vumbi jeupe. Ndipo nikanusa. Ilikuwa harufu ya udi, na ilikuwepo tangu nilipoingia. Mgeni yeyote angeisikia harufu ile mlangoni. Mimi nimezaliwa ndani yake. Nilikuwa nimepita katikati ya moshi nikaona nipo nyumbani tu.

Nikapanda ngazi mbili mbili.

"Mama, umefukiza kule chini?"

"N'mefukiza," akasema, na chetezo bado ki moto pembeni yake. "Wageni watoke Nairobi waingie nyumba yanuka dawa? Haiwi. N'mefukiza vizuri, mpaka kwenye kile chombo chako."

"Mpaka kwenye chombo?"

"Nacho kipate baraka. Kwani n'mekosa nini?"

Nikamweleza kwamba moshi umekaa juu ya maji na vioo vyote vimechafuka. Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kutafuta ndoo.

Niliporudi chini niliwaambia wageni ukweli wote. Mwenyekiti akatabasamu. "Unaona, daktari," akasema, "ndiyo maana maabara haiwekwi majumbani mwa watu." Akaandika.

Nakiri kilichonijia ulimini: msameheni, ni bibi kizee, hajui. Maneno hayo yangenisaidia. Yangechekesha, yangenisafisha mimi, na Mama asingeyasikia. Niliyameza, na mpaka leo naona haya kwamba yalifika mdomoni.

"Aliyefukiza ni mwenye nyumba," nikasema, "na amefanya hivyo kwa kuwaheshimu nyinyi. Kosa ni langu, sikumwambia. Kaeni kitako. Mlango mtauona leo."

"Treni yetu ni ya alasiri."

"Basi tuna wakati."

Mama akateremka, leso kiunoni, vitambaa vibichi begani, hakuomba ruhusa ya mtu. Akapangusa meza, rafu, kingo za dirisha. Nilipomwambia apitishe na chini ya meza, akanijibu, "Usinifunze kupangusa." Kisha akawachukua wageni juu akawape kahawa na kaimati, nami nikabaki naosha visahani, nachanganya maji mapya ya chumvi, nachonga vioo vingine kwa moto.

Baada ya adhuhuri nikawaita. Kioo cha kwanza kikaachia. Cha pili nikanyonya polepole sana, na namba kwenye skrini, ile inayopima mshikano, ikapanda, ikapanda, ikakaa. Kikashika. Nikanyonya tena nikaupasua utando ndani ya ncha, nikakivuta nyuma polepole mpaka kipande cha utando kikajifunga kwenye ncha, uso wake wa nje ukielekea maji, nikakipiga volti kidogo. Mstari wa mkondo uliokuwa umelala ukashuka ghafla ngazi moja, ukakaa kitambo kidogo mno, ukarudi juu. Ukashuka tena. Hakuna nusu: ama mlango umefunguka, ama umefungwa.

"Huenda ni kelele za umeme wa mtaani," mwenyekiti akasema.

Hoja ya haki, nilikuwa naingoja. Nikapitisha maji yenye tone la sumu ya bunju, ile sumu inayowafanya wavuvi wa Liwatoni wamtupe samaki huyo bila kumgusa mara mbili. Sumu hiyo huziba milango ya sodiamu, na huu ulikuwa mmoja wao. Mstari ukalala, ukalala kabisa. Nikaisafisha sumu kwa maji mapya, tukangoja, na mlango ukaanza tena kufunguka na kufungwa. Umeme wa mtaani hauogopi bunju. Yule mwanamke akaweka daftari chini, akasogea mpaka pua yake ikakaribia skrini.

Nikadhani yamekwisha. Mwenyekiti akanipa karatasi nitie sahihi: mashine ibaki, kwa sharti moja, kwamba watu wa nyumbani wasiruhusiwe kuingia chumbani. Akanieleza kuwa ni jambo la kawaida. Nikaisoma mara mbili. Mama alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, anasikia.

"Vumbi nitalizuia mimi," nikasema. "Kufukiza hakutakuwepo tena humu, hilo nalitia sahihi sasa hivi. Lakini huyu simkatazi kuingia kwake. Lifute, au mwite mtu wa kubeba mashine."

Nikamrudishia kalamu yake. Alisema atapendekeza mashine ihamishwe. Yule mwanamke akamwambia kwa upole kwamba yeye hatatia sahihi ripoti yenye sharti hilo. Wakaondoka kuwahi treni bila kukubaliana.

Majuma yale ya kungoja nilifanya kazi kila siku kama mtu asiyeambiwa kitu. Barua ikaja kutoka Nairobi, mistari mitatu. Mashine ibaki ilipo. Nikamsomea Mama.

"Na lile sharti?"

"Halimo."

"Wangelitia, ungefanyaje?"

"Ningewaacha waichukue. Kisha ningelia mpaka nikauke."

Akanikasirikia kweli. "Mimi mtu mzima, kesho ntakufa. Miaka yote ile, uitupe kwa sababu ya mlango mmoja? Ungekuwa mjinga."

"Ningekuwa mjinga kwetu, Mama, si mtumwa," nikamwambia.