Kanzu Nyeupe ya Nikaha

Harufu ya manjano yaliyochanganywa na marashi hunitoa jasho hadi leo, nami ni ajuza mwenye duka langu la dobi Changamwe, nililolijenga kwa mikono hii bila kumaliza darasa la tatu.

Ilikuwa Kisauni, uhuru u karibu. Dada yangu Mwanaisha alikuwa siku ya saba ndani akisingwa, haruhusiwi kuona jua, na laasiri baba angekwenda msikitini kumuozesha. Mimi, wa miaka minane, nilikuwa natwanga singo, manjano na marashi ya kumsugua mwilini. Kabla ya kunawa nikaishika kanzu ya baba iliyoanikwa uani, nione ulaini wake. Vidole vitano vya manjano, kifuani!

Nikakimbilia beseni na sabuni ya mche. Wallahi, niliposugua manjano yakawa mekundu kama damu. Nikasugua tena, yakazidi. Na sebuleni alikuwemo shangazi, ambaye tangu posa alitafuta sababu ya kuivunja ndoa ile, kwa kuwa bwana harusi alikuwa kuli tu wa matangi ya mafuta. Damu kwenye kanzu ya nikaha! Mkosi gani tena angetaka?

Nilizunguka ua, kanzu kwapani, hadi dada akaniona dirishani. Nikamwonyesha. Akanong'ona:

"Mwana wazimu we. Suuza sabuni yote itoke, kamulia ndimu, suuza tena, uitandaze juani. Shangazi akiuliza, mimi ndiye niliyekutuma."

Ndimu iliirudisha rangi ya manjano. Jua likaila, lakini polepole mno; kila nilipogeuza kanzu nilisikia mitalawanda ya shangazi, viatu vyake vya mti, ikigonga sakafu. Baba aliivaa ina unyevunyevu, nyeupe.

Mjukuu wangu anayesoma kemia aniambia kila chembe ya manjano ina kipande chake kinachokamata mwanga, na hicho ndicho kiletacho rangi. Sabuni hukigeuza, ndimu hukirudisha, jua hukikata. Nikamjibu kwamba kazi hiyo niliifanya kabla mamake hajazaliwa.

Nililochelewa kuelewa ni jingine. Miaka mingi nilisimulia jinsi dada alivyoniokoa na bakora. Leo nakumbuka alivyozibana nondo za dirisha, na kwamba mimi hakunitazama hata mara moja, aliitazama kanzu. Watu walisema ameozwa. Kumbe alikuwa akimtaka yule kuli.