Vyumba Vitatu Nilivyoongeza

Nyumba yetu ilikuwa katika mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, mahali ambapo barabara huishia na mtu huendelea kwa mtumbwi. Wazazi wetu walipokufa nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliacha shule, nikakimbia na wadogo zangu wawili: wa kiume wa miaka minne, na wa kike aliyekuwa bado mgongoni. Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nikajifunza kushona, na kwa cherehani nikawalea.

Miaka mingi baadaye mjomba alipiga simu kutoka kule. Alikuwa amempata mtu wa kununua nyumba. Wiki hizohizo mdogo wangu wa kike alikuwa amekubaliwa katika chuo cha uuguzi Lilongwe, na nafasi yake ingepewa mwingine tusipolipa kabla ya masomo kuanza. Mimi niliona jambo limejijibu. Lakini mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiuza mitumba mtaa wa Area 36, Lilongwe, alikataa, akiniita yaya, yaani mkubwa wake, kama kawaida.

"Kuuza kwetu, yaya? Nyumba ya byumba tano? Siku tukirudia tutalala wapi? Kwa mujomba, chini ya meza?"

Kwetu nyumba ya marehemu haiuzwi kwa karatasi peke yake, maana ndugu waongo wameuza nyingi. Majirani hukaa uani, simu huwekwa katikati yao kwa sauti kubwa, na kila mtoto wa nyumba husema kwa kinywa chake kwamba anakubali. Mmoja akikataa, mnunuzi huenda zake. Na kwanza mkubwa huulizwa maswali, ili wajue kama ni mtoto wa nyumba ile kweli.

Jumamosi moja mchana tulikaa watatu chumbani kwangu, tukapiga simu. Aliyeuliza ni mama jirani, ambaye ua wake ulipakana na wetu.

"We njo mukubwa wao? Basi sema, baba yako alichimba choo wapi?"

"Nyuma ya jiko. Akakuta jiwe, akaacha. Tulikuwa tunaenda kwa choo yako, mama."

Watu wakacheka kule.

"Na mpaka leo hamuyanijengea ingine," akasema. "Haya. Nyumba iko na byumba ngapi?"

Niligeuka kumtazama mdogo wangu wa kiume. Zamani, njiani, mdogo wangu wa kiume alipokaa chini na kugoma kutembea, nilimsimulia nyumba. Akigoma zaidi, niliongeza chumba: cha wageni, cha vitabu vya baba, halafu chake mwenyewe, chenye dirisha la kuangalia ziwa. Tulipoingia Malawi vilikuwa vitano, na sikuvibomoa. Nilidhani atakua avisahau. Sasa nikisema vitano, majirani watanikana, na chuo cha mdogo wangu kitaishia hapo.

"Mbili," nikasema. "Salo ya kukalia wageni, na chumba ya baba na mama. Sisi batoto tulilala salo."

"Huyu njo yeye," mama jirani akawaambia wenzake.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akinitazama. "Mbili?"

"Mbili."

"Na we, kijana, unakubali?" mama jirani akauliza.

Alivua kofia, akaiweka juu ya cherehani.

"Nakubali," akasema. "Muuze." Akatoka nje bila kofia yake. Mdogo wetu wa kike alikubali kwa sauti ndogo hata wakamwomba arudie.

Chuo kilipofunguliwa, kaka yake ndiye aliyembebea sanduku mpaka bwenini. Kwangu hakuja Jumapili kadhaa, nami sikumtuma mtu kumwita. Nilifikiri sana siku hizo. Alikuwa tayari dada yake akose shule kwa ajili ya vyumba nilivyovijenga mimi, na mimi nilikuwa nimemwona yeye ndiye mkaidi.

Alipokuja, alikula nsima, ugali wa Malawi, akanawa mikono, kisha akauliza, "Yaya, na baba? Ulisema alikuwa murefu kushinda batu bote."

"Alikuwa mufupi," nikamwambia. "We umemupita. Na asubui alikuwa mukali mpaka anywe chai."

Akavuta kiti, akakaa tena.

"Endelea," akasema.