Karatasi Iliyobandikwa Mlangoni

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa shule ya Kiprotestanti huko Bungulu, mjini Beni, na kazi niliyoijua kuliko zote ilikuwa kurudisha watu nyumbani. Mzazi akija kuandikisha mtoto, nilimwomba buletini yenye alama za mwaka uliopita, cheti cha kuzaliwa na barua ya mchungaji. Kama hana barua, hana nafasi. Sikuwa na chuki na mtu. Orodha ilibandikwa mlangoni kabla sijaajiriwa, nami niliifuata bila kuiuliza kitu.

Kisha usalama ukaharibika, tukahamia Butembo, upande wa Bulengera. Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la nane na alitaka jambo moja tu: kusomea ualimu. Shule ya karibu yenye masomo hayo ilikuwa ya masista wa Kikatoliki, masere kama tunavyowaita. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya mji, na baada ya yale tuliyoyaona njiani, sikuwa tayari kumwacha atembee mbali kila alfajiri. Ama kwa masista, ama abaki nyumbani.

Mlangoni kwao nikakuta karatasi. Buletini, cheti cha kuzaliwa, karte ya ubatizo, na barua ya shirika, yaani kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila wiki.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Shule ni ya kanisa, sawa, lakini inafanya kazi kwa mkataba na serikali: walimu ni wa serikali, mitihani ni ya serikali. Nyumbani nilikuwa na kijitabu cha katiba, nilichokijua kwa rangi ya jalada tu. Siku hiyo nilikisoma nimesimama. Kifungu cha kwanza kinasema kwamba nchi yetu haina dini ya serikali. Kile cha elimu kinasema mtu asizuiwe shuleni kwa sababu ya dini yake, na kwamba mafundisho ya dini hutolewa wazazi wakiomba. Nilipiga mistari kwa kalamu nyekundu.

Mkuu wa shirika, mzee mkulima wa vitunguu aliyefiwa na mkewe, alikuwa jirani yangu. Aliponisikia nikigomba peke yangu alicheka.

"Mama, barua si kitu. Wewe uko mutu ya shirika. Nani alipika ku matanga ya bibi yangu? Si wewe?"

Aliandika palepale, akapiga mhuri. Wala hakuona kwamba anadanganya. Kwetu, anayeshika sufuria siku ya msiba ni mtu wa nyumba hiyo, na mzee aliandika alichokiona. Nami, lazima niseme, niliikunja ile barua nikaitia kwenye mkoba haraka.

Binti yangu aliitoa akaisoma.

"Donc mama, sasa niko Mukatoliki?"

"Ni karatasi tu."

"Nitaanza kudanganya masere siku ya kwanza? Na ninaenda kusoma ualimu?"

Niliona haya. Nilimrudishia mzee barua yake kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa huzuni, kama mtu aliyekataliwa chakula.

Kesho yake nilikaa mbele ya sista mkuu wa shule, kijitabu mkononi. Nilimwonyesha buletini ya binti yangu, ya shule ya Kiprotestanti ya Beni, kisha nikamsomea vifungu vyote viwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Ni muzuri, mama. Na kule Beni, ku masomo yenu, ku ile shule, mulikuwa munaomba nini?"

Ningeweza kusema uongo. Hakuna aliyenijua pale.

"Barua ya pasta."

"Nani alikuwa anaiomba?"

"Mimi, masere."

"Mais basi, katiba imeanza siku mutoto yako alifika kwangu?"

Nilifunga kijitabu, lakini sikuinuka kwenye kiti.

"Ni kweli, nimechelewa kuisoma," nikasema. "Lakini mutoto hapana chelewa. Muandike."

Alivuta daftari.

"Dini?"

"Protestanti."

"Masomo ya dini?"

"Atasikiliza. Kubatizwa tena, hapana."

Akaandika hivyo hivyo.

Binti yangu aliruka kwa furaha, nami nikashindwa kufurahi naye, kwa sababu swali la sista lilikuwa limenirudishia akilini mtu mmoja. Alikuwa fundi cherehani wa Bungulu, Mwislamu. Alikuja na msichana wake, mita ya kupimia ikining'inia shingoni, nami nikamwambia alete barua ya mchungaji. Mwislamu! Alikunja karatasi zake, akanishukuru, akaondoka.

Wiki ile, njia ikiwa imetulia kidogo, nilipanda pikipiki mpaka Beni. Nilimkuta kibarazani, kwenye cherehani yake. Nilijitambulisha, nikamweleza nilichomfanyia, nikamwomba msamaha. Hakusimamisha mguu.

"Mama, mimi hapana kukumbuka wewe. Ile barua waliniomba ku masomo tatu."

"Na msichana?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye cherehani ya pili msichana alikuwa anapinda sketi ya bluu. Pembeni yake kulikuwa na rundo la nyingine, sare za shule, baadhi zilikuwa za shule yangu ya zamani. Nilizijua beji zake, mimi ndiye niliyekuwa nikizigawa.

Nilitamani kulia, lakini machozi yangu yangemsaidia nini? Nilivuta kigoda nikaketi karibu naye, nikamwuliza kama bado anataka kusoma.

Alimtazama baba yake, kisha sketi.

"Ninataka," akasema.

"Basi vaa viatu. Twende ku shule yangu ya zamani, bureau yao inafungwa saa sita."